Olanzapini miligramu 10: miaka minne ya kidonge cha saa 2 usiku

Ninachokieleza hapa ni kidonge cha olanzapini cha miligramu 10, cha kumeza mara moja kwa siku. Niliandikiwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili Machi 2021, na tangu hapo nimekimeza kila usiku, ukiondoa wiki tisa ambazo nitazisimulia mbele. Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike Ngamiani hapa Tanga, nina miaka 34, na ugonjwa wangu unaitwa skizofrenia. Nilipopewa boksi la kwanza nilihangaika kumtafuta mtu aliyewahi kuimeza anieleze kwa Kiswahili inavyokaa mwilini. Watu wanaeleza simu, majiko na mafuta ya nywele, lakini kidonge hiki hakuna aliyekieleza. Basi nakieleza mimi. Nakipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaitolea sababu.

Kabla ya dawa nilikuwa nasikia wanawake wawili. Walikaa ndani ya mlio wa cherehani. Nikikanyaga tu wanaanza kuhesabu mishono, mmoja anakwenda mbele, mwenzake anarudi nyuma, wakikutana wanacheka na kutaja jina langu pamoja na la baba. Nilikuwa nafumua nguo nzima usiku ili hesabu yao isitimie. Mama alinipeleka kwa sheikh, akanisomea siku tatu. Siku ya tatu akamwambia mama, "Bi mkubwa, kisomo tutaendelea nacho, lakini mtoto mpeleke hospitali, na dawa atakazopewa ameze." Mzee yule namwombea kila Ijumaa. Wapo waliofungiwa ndani miaka kwa kukosa mtu wa kuwaambia neno hilo moja.

Hospitali nilianza na sindano za haloperidoli. Siku ya pili shingo ilipinda upande, taya likakaza, macho yakapanda juu yakagoma kushuka. Mama alijua ndiyo nakufa. Muuguzi alikuja na dawa ya kulegeza, benzheksoli, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane, na baada ya muda shingo ikarudi. Tatizo lenyewe linafahamika, huwapata zaidi vijana katika siku za mwanzo, na lina dawa. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyetuonya. Mgonjwa ambaye tayari anaamini kuna watu wanataka kumdhuru, ukimpinda shingo bila kumwambia kitu, umemthibitishia. Haloperidoli yenyewe siisemi vibaya. Ni dawa ya tangu 1958, ilitoka kwenye maabara ya Paul Janssen huko Ubelgiji, na imewatuliza watu wengi duniani, pengine na jirani yako. Mimi tu haikunikubali, daktari akanibadilishia olanzapini.

Olanzapini ni ya kizazi cha baadaye katika kundi la antisaikotiki, yaani dawa za kutuliza sauti na mawazo yasiyo ya kweli. Iliruhusiwa kutumika Marekani na Ulaya mwaka 1996, na haki ya kampuni iliyoigundua ilipokwisha, viwanda vingi vikaanza kuitengeneza. Ndiyo maana leo unaweza kuipata kwa bei ambayo fundi kama mimi anaimudu, na ndiyo maana pia kidonge cha mwezi huu kinaweza kuwa cha njano na cha mwezi ujao kikawa cheupe. Rangi isikutishe. Kinachosomwa ni jina na miligramu.

Nilimuuliza daktari inafanya nini kichwani. Akasema ubongo una kemikali iitwayo dopamini, moja ya kazi zake ni kuonyesha jambo gani ni la maana na gani la kupuuza, na kwenye ugonjwa wangu alama hiyo inawekwa hata pasipostahili, kwenye mlio wa mashine, kwenye kikohozi cha mpita njia. Dawa inaziba baadhi ya milango ambayo dopamini inapitia. Mimi nilimwelewa kwa skrubu ya kukaza uzi. Ukiiachia mno, uzi unajikunja chini ya kitambaa kama nyasi. Ukiikaza mno, kitambaa kinakunjamana. Dozi ndiyo skrubu hiyo. Inazungushwa kidogo, unashona kipande, unatazama, na anayezungusha ni daktari. Dawa hiyo hiyo inaziba na milango mingine isiyohusika na ugonjwa, na humo ndimo yanamotoka maudhi: usingizi, njaa, kinywa kukauka, choo kigumu.

Usiku wa kwanza nililala saa kumi na moja mfululizo. Nilikuwa sijalala hivyo tangu msiba wa baba. Ila niwe mkweli kwa anayeanza: usingizi ulikuja siku hiyo hiyo, sauti hazikuondoka siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza walikuwepo kama kawaida, wiki ya tatu wakawa wanahesabu polepole na kusahau walipofikia. Nilikuwa karibu kuiacha nikiona kazi yake ni kulaza tu. Daktari alinisihi nivumilie wiki sita kabla ya kuihukumu. Siku ya 36, naikumbuka kwa sababu nilikuwa naandika daftarini, nilishona gauni la kitenge kuanzia mabega hadi pindo, nikanyanyua mguu kwenye kanyagio, nikagundua hakuna aliyehesabu. Nilikaa pale nikilia, mteja akadhani nimejichoma sindano.

Sasa suala la saa, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mwanzoni nilikuwa nameza saa 5 usiku ninapozima taa. Asubuhi nilikuwa kama mtu aliyezikwa. Adhana ya alfajiri naisikia, mwili hautii. Mfamasia ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, "Dada, kidonge hiki kinafika kilele kwenye damu baada ya kama saa sita. Wewe unameza saa 5 usiku, kilele chako ni saa 11 alfajiri, ndiyo wakati unaotaka kuamka." Nikahamia saa 2 usiku, baada ya isha. Kilele kinanikuta saa 8 usiku nikiwa nimelala, na alfajiri naamka mzito kidogo lakini naamka. Badiliko hilo moja, lisilogharimu hata shilingi, liliniokolea kazi. Kumeza na chakula au bila chakula ni sawa.

Na kwa sababu ni mara moja kwa siku, Ramadhani haikunisumbua: nameza baada ya futari. Hata hivyo nilimuuliza daktari kwanza, na aliniuliza mimi kuhusu maji, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuufanya mwili ushindwe kujipoza vizuri kwenye joto, na Tanga ya Machi mnaijua. Nakunywa maji mengi kati ya futari na daku, na mchana sikai kwenye jua kupanga foleni ya vitambaa.

Wiki za mwanzo kizunguzungu kilinijia sana nikiinuka kutoka kwenye sijda. Presha inashuka mtu anaposimama ghafla. Mara mbili nilishika ukuta, mara ya tatu nilianguka juu ya mswala. Nikajifunza kukaa kitako kidogo kabla ya kunyanyuka, na asubuhi kukaa ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini, nihesabu hadi sitini ndipo nisimame. Baiskeli mama aliifunga kufuli mwezi mzima. Cherehani ya umeme niliiacha pia, nikashonea ya miguu, maana ya umeme haikusubiri ukisinzia. Kama unaendesha bodaboda au unashika msumeno, usiguse chombo mpaka uujue mwili wako na dawa hii.

Nije kwenye ile nyota niliyoizuia.

Njaa ya olanzapini haitoki tumboni. Umekula wali wa nazi na samaki, umeshiba, sahani haijaoshwa, na tayari unawaza chapati. Mwezi wa pili wa dawa nilikuwa naamka saa 6 usiku kukaanga mihogo gizani, mama asisikie mafuta. Vitumbua vya asubuhi, ambavyo zamani viwili vilinitosha, nikafika sita. Kliniki nilianza na kilo 58 mwezi Machi. Septemba nilikuwa 70. Mizani ya kliniki niliweza kubishana nayo, nimevaa viatu, nimetoka kunywa maji. Futi yangu mwenyewe sikuweza kubishana nayo. Kiuno kilikuwa inchi 29 na nusu, kikafika inchi 35, ambazo ni kama sentimita 89. Daktari akaniambia kwa mwanamke kupita sentimita 88 ni dalili kwamba kisukari na maradhi ya moyo vinasogea. Akapima sukari kabla sijala, ikawa milimoli 6.3 kwa lita. Kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Hapa nataka kusema kwa nguvu. Vipimo hivyo vilipaswa kuchukuliwa siku ile naandikiwa dawa: uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu. Kisha uzito kila wiki kwa wiki sita za mwanzo, vipimo vya damu virudiwe baada ya miezi mitatu, baada ya hapo angalau mara moja kwa mwaka. Mimi sikupimwa sukari mpaka miezi sita ilipopita, na nilipimwa kwa sababu niliomba. Ukiandikiwa olanzapini, omba. Usione haya, usingoje uulizwe. Ukiona unakunywa maji mengi kupita kawaida na kwenda haja ndogo kila saa, usiseme tu ni kinywa kukauka. Nenda ukapime sukari.

Daktari aliniongezea metformini, ile ya wagonjwa wa kisukari, miligramu 500 asubuhi na jioni, kwa sababu inasaidia kuzuia uzito unaoletwa na dawa hizi. Mimi nikaufuata mwili kwa njia zangu. Unga wa ngano hauingii tena nyumbani kwetu usiku. Soda nimeacha, kinywa kikikauka nakunywa maji kwa mafunda madogo au natafuna karafuu. Papai kila asubuhi kwa ajili ya choo. Na baada ya alfajiri natembea kuelekea Raskazone mpaka nione bahari, narudi. Leo nina kilo 64 na kiuno inchi 32 na nusu. Sukari ya mwisho ilikuwa 5.4. Uzito wa zamani haujarudi, na sijui mwili wa msichana wa kilo 58 nitauona tena lini, lakini mwili huu ninaoshona nao unanisikiliza.

Wiki tisa nilizoziruka zilikuwa mwanzoni mwa 2022. Nilikuwa nimepona, au nilijiona hivyo: miezi kumi ya utulivu, wateja wamerudi, na posa imekuja. Shangazi yangu alinivuta pembeni akasema, "Mwanangu, wakwe wakikuta vidonge hivyo kwenye mkoba, kutakuwa na ndoa tena? Na wewe umeshapona, unavimezea nini?" Simlaumu. Alinipenda kwa kiasi cha alichokijua. Nikaviacha siku hiyo hiyo, bila kumwambia daktari.

Siku nne za kwanza sikulala, nikatoka jasho, kichefuchefu kila nikila. Kisha yakaja majuma matatu matamu. Niliamka mwepesi, njaa ikakatika, nikapungua kilo nne, nikajiambia kumbe dawa ndiyo ilikuwa ugonjwa. Wiki ya sita nikawa nalala saa tatu tu kwa usiku na sioni uchovu. Wiki ya nane nilikuwa nimeshamaliza sare za harusi ya watu, magauni sita ya rangi ya zambarau. Usiku wa kuamkia siku ya kuyakabidhi niliyafumua yote. Wale wanawake walikuwa wamerudi, na safari hii hawakuhitaji mlio wa cherehani.

Nililipia vitambaa vile miezi saba. Posa ilikwisha. Daktari hakunifokea, alivuta kiti akanieleza kile ambacho ningependa kila anayemeza dawa hii aelezwe siku ya kwanza. Kujisikia mzima mara nyingi ni kazi ya dawa. Dawa ikitoka, ugonjwa hauji kesho yake, unaweza kukaa majuma hata miezi, na kimya hicho ndicho kinachomdanganya mtu. Anayetaka kupunguza au kuacha anaweza kuzungumza na daktari wake, na kama inafaa inapunguzwa taratibu kwa miezi, huku mtu anaangaliwa. Dozi yangu ya zamani hakunirudishia mara moja. Alianza na miligramu 5, kisha 10. Na mara ya pili sauti zilichelewa zaidi kuondoka.

Tangu hapo mimi na mama tuna makubaliano. Tumeandika daftarini dalili zangu za mwanzo, kwa sababu mimi mwenyewe huwa ni wa mwisho kuziona. Nikilala chini ya saa nne siku mbili mfululizo, au nikianza kufumua nguo iliyokwisha, au nikizima redio na kusema inanitaja, mama ana ruhusa yangu ya kunipeleka kliniki hata kama ninakataa kwa ukali. Nilitia saini nikiwa na akili timamu. Ni karatasi ya daftari tu, lakini imeshatumika mara moja, tukawahi, dozi ikarekebishwa nikiwa natoka na kuingia nyumbani kwangu bila kulazwa.

Ukisahau kidonge? Ukikumbuka usiku ule ule, meza. Ukikumbuka kesho yake na saa ya kidonge kingine imekaribia, kiache kilichopita, meza cha leo kwa saa yake. Usimeze viwili kufidia. Dawa hii haitoki mwilini haraka, nusu yake hubaki hata baada ya saa 30 hivi, kwa hiyo usiku mmoja wa kusahau hauhitaji hofu. Kusahau mara kwa mara ndiko kunakohitaji kumwambia daktari. Mimi nilinunua kile kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba. Siku zake zimeandikwa kwa herufi za Kizungu, M na T na W, zikanichanganya, nikabandika uzi wa rangi kwenye kila kifuniko. Ijumaa ni mweupe. Nikifungua na kukuta kimo, najua sijameza, sina haja ya kubishana na kumbukumbu. Kisanduku nacho nakipa nyota tano, ingawa kifuniko cha Jumatano kimeshalegea.

Jambo lililonishtua kuliko yote lilitokea 2023 na halikuhusu ugonjwa wangu kabisa. Nilipata yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, nikaenda duka la dawa, nikapewa sipro, yaani siprofloksasini, bila kuulizwa natumia nini kingine. Siku ya pili nilikuwa nalala nikiwa nimesimama, ulimi mzito, natembea kwa kushika kuta. Mama akampigia yule mfamasia wa famasi yetu ya kawaida. Akauliza swali moja, "Kapewa antibayotiki gani?" Kumbe sipro inazuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja olanzapini, hivyo dawa inajaa kwenye damu kana kwamba umeongeza dozi. Nilikwenda kwa daktari siku hiyo hiyo, antibayotiki ikabadilishwa, nikaamka. Dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini inafanya kinyume chake, inaishusha. Tangu siku hiyo pakiti tupu ya olanzapini inakaa kwenye pochi yangu, na dukani naionyesha kabla sijasema naumwa nini.

Moshi wa sigara nao unaishusha. Ni moshi wenyewe, unalichangamsha ini liivunje dawa upesi. Kuna kaka mmoja tunakutana kliniki alikuwa anavuta pakiti kwa siku, dozi yake ikapangwa hivyo. Alipoacha sigara, jambo jema, akajikuta amezidiwa na usingizi, mpaka daktari akampunguzia. Kwa hiyo ukianza au ukiacha kuvuta, mwambie daktari wako. Mnazi na gongo siwezi kuvisema kwa uzoefu wangu, ila katazo ni wazi: pombe juu ya dawa hii inazidisha usingizi na kizunguzungu, na dawa nyingine za usingizi hivyo hivyo.

Kuna hatari moja ya nadra ambayo kwetu huku inaweza kupita bila kuonekana. Mtu anayetumia dawa za kundi hili akipata homa kali, misuli ikakakamaa kama ubao, jasho likamtoka, akachanganyikiwa, sisi tutasema malaria. Ni sawa apimwe malaria. Lakini apelekwe hospitali hapo hapo, na kabla hajamezeshwa kidonge kingine mwambieni daktari anatumia dawa gani, kwa maana dawa zenyewe zinaweza kuleta hali hiyo, na inaua. Mama anayo sentensi hiyo kwa kichwa. Nyingine ni midomo au ulimi kuanza kuchezacheza wenyewe baada ya miaka ya matumizi. Kwa olanzapini si kawaida kama kwa dawa za zamani, ila hutokea, na ikionekana mapema ni bora. Mimi hujitazama kwenye kioo cha kupimia nguo, natoa ulimi, natulia, namaliza.

Kidonge hiki hakigawiwi. Jirani yetu alikuja kuniomba kimoja ampe mama yake mzee, aliyeanza kupoteza kumbukumbu na halali usiku. "Si kinalaza?" Kinalaza, ndiyo. Lakini kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, dawa za kundi hili zimeonekana kuongeza vifo, na onyo hilo limeandikwa na watengenezaji wenyewe. Nilimkatalia, akanuna wiki mbili, kisha nikamsindikiza kwa daktari. Watoto wa dada wakija likizo, boksi linahamia kwenye sanduku la mikasi lenye kufuli.

Kuhusu uzazi nitasema kifupi, maana sijafika huko. Nilimuuliza daktari, akanijibu: ukitaka mimba uje kabla, ukiipata bila kupanga uje upesi, na katika hali zote mbili usiache dawa mwenyewe. Mwenzangu mmoja wa kliniki alikuwa anatumia risperidoni, dawa nyingine ya kundi hili, akakosa hedhi miezi mitano na matiti yakatoa maziwa bila mimba. Dawa ile hupandisha homoni ya maziwa zaidi kuliko hii. Hakumwambia mtu kwa aibu. Mwambieni daktari, au muuguzi wa kike kama yupo, hayo ni mambo yanayorekebishika.

Sasa boksi lenyewe. Kikaratasi cha ndani ni kirefu kama skafu, maandishi madogo kuliko tundu la sindano namba 9, na chote Kiingereza. Nimeshanunua za viwanda vitatu tofauti na sijakuta neno moja la Kiswahili. Dawa inayoliwa na watu wa Handeni na Pangani ilistahili angalau mistari mitano ya lugha wanayoisoma: meza usiku, usiache ghafla, pima sukari, homa na kukakamaa kimbia hospitali, usimpe mwingine. Wanafamasia wazuri wanayasema kwa mdomo, wengine wanakusukumia mfuko tu. Na famasi moja iliwahi kunipa boksi la miligramu 5 badala ya 10, maboksi yanafanana kwa rangi. Ningemeza nusu dozi mwezi mzima bila kujua. Ndiyo maana siku hizi nasoma jina, miligramu na tarehe ya kuisha muda nikiwa bado dirishani, watu wa nyuma yangu wakae tu na haraka yao.

Ningemshauri nani dawa hii? Si kazi yangu. Mwili wa mtu una historia yake. Aliye na kisukari tayari ana la kuzungumza na daktari kwanza. Kwa aliyekwisha kuandikiwa na anaogopa, ninachoweza kumpa ni haya niliyoyapitia, na kwamba mwaka jana nimeshona magauni 140 na sikufumua hata moja ila lile ambalo mteja mwenyewe alinenepa.

Mwezi uliopita daktari amekubali tujaribu kushuka hadi miligramu 7.5, nusu mwaka bila haraka, mama akiwa na daftari lake. Muuguzi anayetupima kliniki hakuwa na kitu cha kupimia kiuno, alikuwa anakadiria kwa macho, nikamwachia futi yangu moja ya njano. Ipo pale ukutani, imening'inia kwenye msumari karibu na mizani, na upande wa inchi 35 nimeifunga uzi mwekundu.